Ulimi wa Shemeji Luohe

Siku ya nne ya ugonjwa, miguu ya bibi ilikuwa baridi kama mawe ya mtoni, na baridi ilishapanda hadi magotini. Mzee Kou, tabibu wetu hapa Jiangyou, alimpima mapigo, kisha akaandika fuzi na tangawizi kavu.

Mzizi wa fuzi ukiwa mbichi huua farasi. Ukilowekwa katika maji ya chumvi, ukamenywa, ukakatwa na kuchemshwa kwa subira, humrudishia moto mtu anayezimika. Shemeji Luohe, mke wa kaka yangu, amezaliwa katika nyumba iliyouandaa kwa vizazi vitano. Asubuhi hiyo alikula uji mtupu, akasukutua, akabandika chungu.

"Shemeji, bibi anaganda, wewe unachezea kuni!"

"Chungu hakisikii hasira zako, Zhengyu."

Mchana alitoka kuchota maji. Nikaonja dawa. Midomo ilinichonyota, nikacheka: pilipili ya kwetu haiwashi tu, hututia ganzi mdomoni kila siku, nani anaijali? Nikamimina bakuli, nikamwinua bibi. Lilikuwa limegusa midomo ya bibi, Luohe alipolidaka.

"Umeonja?"

"Nimeonja. Ganzi ya pilipili tu."

"Umekula nini?"

"Tofu."

"Yenye pilipili?"

"Kwani kuna nyingine?"

"Basi ulimi wako ni shahidi mlevi! Na unataka utoe hukumu juu ya roho ya bibi?"

Alitafuna kipande kimoja cha mzizi, akaketi kusubiri. Punde akagusa midomo yake, akatema, akalimwaga lile bakuli uani.

"Midomo inakufa ganzi: bado kina sumu. Kingemsimamisha moyo."

Nilichukua shoka. Nikapasua kuni.

Chungu kilichemka kwa saa mbili zaidi. Alionja, akatema. Akaonja tena, akatema. Watu husifu panga na mabingwa wake. Mimi nilimtazama mwanamke akiuweka ulimi wake baina ya mauti na mzee wetu, tena bila kelele. Mara ya tatu alimeza. Alisubiri hadi kijiti cha ubani kikaungua chote.

"Mpe."

Bibi alikunywa, akakunja uso, akalala. Jua lilipoanza kushuka, blanketi lilirushwa kwa teke.

"Nani kanifunika kama andazi la mvuke? Joto!"

Niliushika mguu wake. Ulikuwa na vuguvugu, kisigino hadi vidole. Nikageuka kumwambia Luohe. Alikuwa amelala kitini, kifuniko cha chungu mapajani.