Kisahani Kilichobisha Hodi Kabatini

Usiku wa jana ndoto ilinijia kwa masikio kwanza. Ngo, ngo, ngo. Giza tupu, sioni hata vidole vyangu, na mtu anagonga bati kwa adabu, anatulia, anagonga tena.

"Hodi," ikasema sauti.

"Karibu," nikajibu, maana ndivyo nilivyolelewa.

"Sitaki kuingia. Nataka kutoka."

Hapo mwanga ukaja, nikajikuta nimesimama mbele ya kabati la chuma katika ofisi ya Kata ya Mkomole. Kabati hilo nalijua. Alhamisi iliyopita, nikiwa macho kabisa, niliweka humo kisambaza mtandao, kile kisahani cheupe chenye taa nne kinachowarushia watu waifai. Mahali pake ni juu, kwenye dari ya ukumbi, na mimi nilikuja na ngazi. Lakini Afisa Uhakiki, Bwana Senzighe, aliniambia ofisi yake haining'inizi mali ya umma kama maputo ya harusi.

Ndotoni Bwana Senzighe yupo vilevile. Funguo zake zimekuwa nyingi hata zimepewa kiti chake, naye amesimama.

"Mheshimiwa, kuna mtu kabatini," nikamwambia.

"Siyo mtu, ni mali. Imeandikwa kitabuni: mali yenye taa hufungiwa."

"Inagonga."

"Hiyo nayo imeandikwa."

Nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Kisahani kimeketi juu ya mafaili ya zamani, kimefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano pembeni, kama vile tunavyofunika televisheni nyumbani. Katibu muhtasi alikifuma kwa mkono wake, mtandao usiingie vumbi.

"Nimevalishwa kama bibi harusi na kufungiwa kama mwizi wa kuku," kikasema. "Napiga kelele tangu Alhamisi. Sauti inagonga chuma, inanirudia usoni. Sasa naongea na mafaili. Yananijibu baada ya siku kumi na nne za kazi."

"Usinilaumu mimi. Nilipoondoka taa zako zote zilikuwa zinawaka."

"Zinawaka hadi sasa. Nani anaziona?"

"Nilipima. Simu yangu ilishika hadi nje, kwenye bomba la maji."

"Ulipima mlango ukiwa wazi, fundi."

Mtu mwingine angeona aibu. Mimi nilikohoa.

Nyuma yangu mtu mwingine akakohoa pia. Kwenye benchi la kusubiria ameketi Mwalimu Namsifu Mbwambo, mstaafu, aliyefundisha hesabu katika shule ya msingi miaka thelathini na minane. Kila mwaka wastaafu huja pale, huweka kidole gumba kwenye mashine, na mfumo huandika kwamba bado wako hai, pensheni zao zisikatwe. Alhamisi nilimwona kwenye benchi hilohilo akiambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Umemaliza?"

"Nilimaliza Alhamisi."

"Ndivyo unavyosema."

Kompyuta ya Bwana Senzighe ikajigeuza yenyewe ili nisome. NAMSIFU MBWAMBO. HAIJATHIBITISHWA KUWA YUKO HAI. MWISHO WA UHAKIKI: LEO, SAA KUMI JIONI.

"Lakini yuko hapa, Mheshimiwa."

Bwana Senzighe akavaa miwani, akamtazama Mwalimu toka utosini hadi kwenye kandambili, kwa huruma nyingi.

"Kwa macho namwona," akasema. "Lakini mimi siyo mfumo."

"Asubuhi si uliniamkia?" Mwalimu akamuuliza. "Ulisema shikamoo, nikaitikia."

"Nilikuamkia kibinafsi, Mwalimu. Kiofisi hatujasalimiana."

Mlango ukafunguka, wakaingia wanaume wawili wenye suti nyeusi na futi kamba. Walikuwa Kamati ya Mazishi ya Kata. Walisema wamekuja mapema kwa sababu ya msongamano, na kwamba kazi yao inaanza saa kumi kamili kama mfumo hautakuwa umesema vingine. Mmoja akaanza kumpima Mwalimu, taratibu, kama fundi cherehani.

"Mita moja na sentimita sitini na tatu."

"Sitini na mbili," akasema Mwalimu. "Umeanzia kwenye moja badala ya sifuri. Nani alikufundisha hesabu?"

Yule bwana akainamisha kichwa. "Wewe, Mwalimu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane. Mimi ni fundi, na ufundi una hatua. Ya kwanza inajulikana hata kwa wasiojua kitu: zima, subiri, washa.

Nikazima swichi ukutani. Kila kitu kikazimika. Bwana Senzighe akazimika mdomo ukiwa wazi. Kamati ikazimika na futi kamba hewani. Inzi akazimika karibu na dirisha, akabaki hapohapo. Mwalimu peke yake aliendelea kupumua, kwa kuwa hakuwa kwenye mfumo.

"Hesabu hadi kumi," akaniambia.

Nikahesabu.

"Umeruka saba."

Nikahesabu upya, nikawasha. Bwana Senzighe akapepesa macho. "Karibuni ofisini kwetu. Naitwa Bwana Senzighe. Mtandao unasumbua, rudini kesho." Saa ya ukutani, ili kufidia muda iliolala, ikaruka hadi saa tisa.

Hatua ya pili: angalia kama mawimbi ya majirani yanakusonga. Nilipofikiria hivyo tu, ukuta ukasogea kando na mimi niko barabarani. Mitandao yote ya mtaa imejazana kwenye njia moja ya mawimbi, ya sita, bega kwa bega, kila mmoja unapaza jina lake.

"Mimi ni Duka la Dawa Ghorofani!"

"Mimi ni Baba Upendo Hadiwea!"

"Mimi ni Nunua Bando Lako Acha Kuchungulia!"

Kulia kwao kuna njia ya kwanza, kushoto njia ya kumi na moja. Zote mbili zimefagiwa na hazina mtu. Kwenye ya kumi na moja mbuzi amelala katikati.

"Kwa nini msigawane njia?" nikawauliza.

"Tulitoka kiwandani tukiwa hapa," akasema Baba Upendo Hadiwea. "Wewe ni nani wa kutuhamisha?"

"Na mnasikilizana?"

"HATUSIKII!" wakajibu wote kwa pamoja, kwa furaha kubwa.

Nikawauliza kama kuna aliyewahi kukisikia kisahani cha ofisi ya kata. Wakatazamana.

"Huyo hatujawahi kumsikia," akasema Duka la Dawa. "Alishafariki?"

Basi kosa halikuwa la majirani. Huwezi kusongwa na watu ambao hata hawajui kwamba upo. Kosa lilikuwa chuma, na chuma nilikijua tangu Alhamisi.

Nikarudi ofisini. Saa tisa na nusu. Kamati ilikuwa inapanga viti.

"Mheshimiwa, naomba ufunguo wa kabati."

"Omba kwa barua."

"Naandika sasa hivi."

"Karatasi hatupokei siku hizi. Tuma kupitia mfumo."

"Mfumo unahitaji mtandao."

"Naam."

"Mtandao uko kabatini."

"Salama kabisa," akasema kwa fahari.

"Na kabati linafunguliwa kwa nini?"

"Kwa barua. Kijana, mbona unaturudisha nyuma?"

Damu ikanipanda. Nikamwambia yeye ndiye mtu wa kwanza kuifungia hewa kwa kufuli. Nikamwambia ofisi yake ingepewa jua, lingekaa kabatini, na wananchi wangeambiwa warudi kesho kuona mchana. Akanisikiliza hadi mwisho, akanishukuru, akaniomba maoni hayo niyatume kupitia mfumo.

Hapo karatasi iliyokuwa mezani ikajikunjua, ikakohoa.

"Hata barua haitasaidia," ikasema. "Mimi ni fomu ya makabidhiano. Nasema kazi imekamilika. Kazi iliyokamilika haifunguliwi kabati. Hii saini hapa chini ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Saini yangu ina mkia mrefu. Niliufanyia mazoezi tangu darasa la tano, na sijawahi kuona wa mtu mwingine unaoukaribia. Sasa nauona mkia huo unatoka kwenye karatasi, unashuka mguu wa meza, unavuka sakafu, unapanda kabati, unazunguka kitasa mara tatu na kukaza.

Bwana Senzighe akajaribu ufunguo, kwa kiherehere tu. Haukuingia.

"Funguo ni zake," akasema Mwalimu kutoka kwenye benchi. "Lakini mkia ule ni wa nani, baba?"

"Niliamriwa, Mwalimu. Nilimwambia pahali pake ni darini, akakataa."

"Nimekusikia. Nimeuliza mkia."

Mmoja wa Kamati akainama sikioni mwake, akamuuliza angependa wimbo gani.

"Ule mrefu," akasema Mwalimu. "Nataka kusahihisha kazi ya huyu wakati mnaimba."

Saa kumi kasoro dakika tano. Ningeweza kusema tena kwamba ilikuwa amri, na kweli ilikuwa amri. Lakini amri haikushika kalamu. Aliyeshika kalamu, akatabasamu, akauvuta mkia hadi ukingoni mwa karatasi huku yule mama akimtazama kutoka kwenye benchi, ni mimi.

Mwalimu akachomoa kalamu nyekundu kwenye nywele zake, akanipa.

Nikakata neno "imekamilika". Juu yake nikaandika: Nilijua chuma kinazuia mawimbi. Nilipima mlango ukiwa wazi. Nimekosea mimi.

Lile "mimi" lilikuwa zito. Ilibidi niliandike kwa mikono miwili.

Mkia ukalegea. Ukaanguka sakafuni, ukajikunja, ukaingia chini ya kabati kama mjusi. Mlango ukafunguka wenyewe. Kisahani kikavua kitambaa chake, kikamtupia Bwana Senzighe, kikaruka mikononi mwangu. Bwana Senzighe akazimia, lakini kibinafsi. Kiofisi aliendelea kuketi.

"Leta mkono," akasema Mwalimu.

Nikampa mkono wa kulia. Akachukua kalamu yake, akaniandikia kiganjani kwa herufi ndogo: 4/10.

"Nne?" Nikahisi masikio yanawaka moto. "Mwalimu, nimekiri mbele ya watu wote hawa!"

"Ndiyo hizo nne. Za kusema kweli. Sita ziko juu ya dari. Panda."

Nikapanda. Ngazi ina vidato tisa, nami nimeshapita ishirini. Kila kidato kinaniuliza kama nina kibali. Dari inapanda nami, polepole, kama mtu anayejifanya hajakuona. Skrubu nne ziko mdomoni. Chini Kamati wameanza ubeti wa kwanza, kwa sauti nzuri kwa kweli, na Mwalimu anawasahihishia mapigo kwa kugonga benchi.

"Fundi, fanya haraka," kinasema kisahani kwapani. "Naisikia mashine ya kidole gumba. Inaniita. Nipandishe kidogo tu itanishika."

Nanyoosha mkono. Kidole cha kati kinagusa dari. Saa ya ukutani inavuta pumzi ili igonge kumi.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Chandarua kilikuwa kimenizunguka shingoni na jasho limelowesha mto. Nilicheka peke yangu, nikaenda kunawa uso. Maji yalipogusa kiganja cha kulia, yakageuka mekundu kidogo kwenye beseni. Nikafungua mkono. 4/10, kwa herufi ndogo, ile nne imefungwa juu kama wanavyoandika walimu wa zamani. Nyumbani kwangu hakuna kalamu nyekundu. Nikasugua kwa sabuni ya kufulia. Haikutoka.

Simu ikaita. Namba ngeni.

"Haloo, baba. Mimi ni Mwalimu Namsifu Mbwambo, yule mama wa kwenye benchi. Namba yako nimepewa na katibu muhtasi."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Samahani kukuamsha. Jana wameniambia nirudi tena leo, na leo ndiyo mwisho wa uhakiki. Miguu yangu si ya kupanda kile kilima kila siku. Nimeona nikuulize wewe kabla sijatoka: ile kazi umeimaliza kweli?"

Jibu la Alhamisi lilikuwa tayari mdomoni, limevaa suti. Nikatazama kiganja.

"Bado, Mwalimu. Pale kabatini hakisikiki. Nilijua, na bado nikasaini. Kosa ni langu."

Nikamsikia akipuliza chai.

"Haya," akasema. "Hizo ni nne. Na sita je?"

"Natoka na ngazi sasa hivi. Ukifika getini utakikuta kisahani kiko darini, Bwana Senzighe apende asipende, na sishuki kwenye ngazi mpaka nisome kwa macho yangu kwamba mfumo umeandika uko hai. Nakuahidi, Mwalimu."