Kompyuta Inayozima Kitonga

Kila Jumamosi saa nne asubuhi mzee Selestini alivaa shati lake la buluu, lile la kazi, akaketi mbele ya kompyuta kuendesha basi. Cheka ukitaka. Majirani zake wa Ipogolo, hapo Iringa chini, walishacheka mpaka wakachoka: mtu wa miaka sitini na nne, mgane, kisukari kimemla macho mpaka leseni ya udereva imekwenda, anacheza gemu kama mtoto wa shule. Yeye hakuwajibu. Hawakujua kwamba ndani ya gemu hilo kulikuwa na mtu.

Mtu mwenyewe ni Danieli, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Kwenye simu Danieli alikuwa wa dakika mbili: shikamoo baba, umekula, dawa zipo, haya baadaye. Lakini humo kwenye gemu, kila mmoja na basi lake na hedifoni masikioni, wakifuatana kutoka Morogoro kwenda Mbeya, kijana alifunguka. Macho yake yalikuwa barabarani, basi mdomo ukapata uhuru. Alisimulia habari za bosi wake, za chakula cha huko, hata za marehemu mama yake, ambazo tangu mazishi hakuwahi kuzigusa. Ilikuwa saa moja na nusu kwa wiki. Siku sita zilizobaki Selestini aliongea na redio, nayo haikuwa na desturi ya kujibu.

Sasa kompyuta ikaanza kuzima.

Na haikuzima ovyo, ilikuwa na mahali pake. Kutoka Morogoro mpaka Ruaha Mbuyuni safari shwari kabisa. Wakianza tu kupanda mlima wa Kitonga, kona ya tatu au ya nne, picha inakatikakatika, rangi za ajabu zinapita, halafu kioo kinakuwa cheusi na mashine inajiwasha upya kama vile haikumkosea mtu. Mpaka imalize kuwaka, Danieli ameshaondoka. Ameacha ujumbe kwenye simu: pole baba, tuonane Jumamosi.

Wala si gemu lililomkosesha raha. Jumamosi mbili mfululizo, palepale mlimani, gia ya chini, mwendo wa kinyonga, Danieli alisema, "Baba, kuna jambo nataka nikwambie." Kabla jambo halijatoka, giza. Mzee alipompigia kuuliza, akaambiwa si la kwenye simu, wataongea wakiwa barabarani. Basi akakaa wiki nzima akilitunga jambo hilo mwenyewe. Danieli anarudi. Amepata kazi Iringa. Anataka kujenga kwenye ile nusu eka nyuma ya nyumba, aliyotengewa tangu yuko darasa la pili. Siku ya Jumanne Selestini alichukua fyekeo akaenda kufyeka magugu huko, akifyeka huku anapiga mluzi, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mkewe Yusta afariki.

Ila kwanza mashine ipone. Fundi alikuwa Ambokile, kijana wa Mwanjelwa kule Mbeya, ambaye ndiye aliyeiunganisha kompyuta hiyo kwa oda ya Danieli na kuituma kwa basi. Walitibu kwa simu. Ambokile alisema ugonjwa unanukia kwenye kadi ya picha, kile kipande kinachochora barabara na milima. Kazi ikiwa nzito kinaelemewa. Akamwelekeza kufuta programu ya zamani ya hiyo kadi na kuweka mpya. Selestini akaweka, akapanda Kitonga, ikazima. Akaambiwa pengine ni umeme, ahamishe waya kutoka kwenye soketi anayochangia na friji. Akahamisha, ikazima. Akaambiwa afungue ubavu wa boksi, aichomoe kadi, asugue yale meno yake ya kuchomekea kwa kifutio cha penseli na kuirudisha mpaka ilie "ka". Alipapasa, maana macho yenyewe ndiyo hayo, lakini ililia. Ikazima. Mwisho akashusha ubora wa picha mpaka miti yote ikatoweka na Kitonga ikabaki vichuguu vya kijivu. Safari hiyo ilifika kona ya sita, halafu wapi, ikazima.

Alhamisi Ambokile akampa kitu kingine, programu ndogo ya kupima joto la kadi, namba inakaa pembeni ya kioo. Selestini aliongeza ukubwa wa maandishi ili aisome, akaondoka Morogoro peke yake. Ruaha Mbuyuni namba ilikuwa sabini na tisa. Chini ya mlima themanini na saba. Kona ya tatu tisini na tano, kisha giza.

"Inachemsha," alisema kwa sauti, na ndani hamkuwa na mtu wa kumsikia.

Hapo sasa alikuwa amefika kwake. Kwenye mambo ya kuchemsha nani angemfundisha? Miaka thelathini na mmoja ya barabara. Alikuwa akijua madereva waliofunika rejeta inayopoza injini kwa katoni kwa sababu ya baridi ya Makambako, wakasahau kuitoa, wakaja kuua injini mlimani. Yeye mwenyewe aliwahi kumshusha utingo wake njiani kwa kosa hilo, akamtukana mpaka na ukoo wake. Akainuka kutazama ni nini kimeziba pumzi ya mashine hii. Alipoona, akakaa tena.

Kilikuwa kitambaa. Yusta alifuma vitambaa kwa ajili ya kila kitu ndani ya nyumba ile: redio, televisheni, friji, makochi, hata mtungi wa gesi ulikuwa na chake. Kompyuta ilifika miezi mitano baada ya kumzika. Selestini aliiona imekaa uchi pale mezani kama mgeni ambaye hakukaribishwa, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha mwisho alichofuma mkewe, kile cheupe chenye maua ya njano, akakivika juu ya boksi. Kikaning'inia mpaka nyuma, kikaziba matundu yote ya hewa. Halafu ulipokuja upepo wa Juni, akakikunja mara mbili ili mashine isipate baridi. Dereva mzima. Ambokile alikuwa amemuuliza maswali yote duniani isipokuwa hilo, na yeye siku ya kufungua ubavu alikiinua kwa adabu, na alipomaliza akakirudisha.

Alikitoa. Upande wa nyuma kilikuwa kimebadilika rangi kwa joto. Alikishika muda mrefu, akamwambia Yusta, "Nisamehe mama, kinaiua," akakirudisha kabatini. Kisha akachukua mswaki wa zamani akapiga vumbi kwenye feni za kadi. Ijumaa alipanda Kitonga mara nne. Namba haikuvuka sabini na moja. Alirudisha miti yote, akarudisha na mawingu, na mashine ikawa inapumua tu taratibu. Alifurahi mpaka akamgongea jirani kumweleza, naye jirani akasema hongera bila kuelewa ni ya nini.

Jumamosi alinyoa ndevu. Danieli aliingia kwa wakati. Walitoka Morogoro, wakapita Mikumi, wakaongea habari za mvua na za dawa za mzee. Selestini hakutaka kumharakisha. Walipoanza kupanda, kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, alikuwa ameshika usukani wa gemu kwa mikono miwili. Ya nne. Mashine haikustuka.

"Baba," alisema Danieli. "Kuna lile jambo."

"Nakusikiliza, mwanangu."

"Nimepata kiwanja huku. Nimeshaanza msingi, hata sasa niko hapa kiwanjani na laptopu." Akasita kidogo, kisha yakatoka yote kwa pamoja. "Mafundi usipowasimamia Jumamosi wanaharibu. Ile nusu eka hapo nyumbani wape watu walime. Na hizi safari zetu, baba, naona ya leo tuifanye ya mwisho."

Basi la Selestini liliendelea kupanda. Alisikia upepo wa feni. Aliona miti, kila mti na jani lake, na ukingo wa barabara uliopakwa rangi nyeupe na nyeusi. Alitafuta neno la kumwambia mtoto, hongera, au Mungu akubariki, kama mzazi anavyotakiwa kusema mwanawe anapoanza kujenga. Maneno aliyajua. Pembeni ya kioo namba ilikuwa sitini na nane, na usimhukumu, maana aliiangalia ile namba kwa muda akiiomba ipande.

Haikupanda. Basi akanyoosha mkono kwenye boksi, akakitafuta kitufe cha kuwashia, akakibonyeza, akakishikilia mpaka feni zikanyamaza.

Hazikupita dakika mbili simu ikaita.

"Imezima tena, baba?"

"Imezima."

"Kitonga?"

"Palepale."

Nyuma ya Danieli zilisikika sauti za watu na koleo linaparuza zege.

"Ulisikia nilichokuwa nasema?"

"Sikusikia kitu," alisema Selestini.

Kijana alishusha pumzi ndefu. Ilikuwa vigumu kujua ni ya kuchoka au ya kutua mzigo.

"Haya, baba. Basi nitakwambia Jumamosi."

"Jumamosi," alisema Selestini. "Saa nne nitakuwepo."