Mume wa Bi Sikuzani

Uzee si ugonjwa, wanasema. Sawa, tukubali. Lakini anayesema hivyo hajakaa kwenye mtaa wa Bi Sikuzani, kule Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Pale ukitoa kiti barazani jioni utasikia goti la huyu, mgongo wa yule, presha ya mwingine, na kabla chai haijapoa mtu atakukumbusha nani kazikwa wiki hii. Vijana wa mtaa huo wamekwenda zao, wengine Dar, wengine Unguja, wengine Maskati. Waliobaki ni wazee na paka. Na paka wenyewe, ukiwatazama vizuri, nao wamezeeka.

Bi Sikuzani alikuwa na miaka sitini na kitu, na magoti yake yote yalikuwa mazima. Alikuwa akishona kofia za mkono, na uzi aliupitisha kwenye tundu la sindano bila miwani. Kilichomkera ni kuzeeshwa na majirani. Asubuhi mtu hajamaliza salamu ameshamuuliza, "Miguu yaamkaje?" kana kwamba miguu ilikuwa mgonjwa aliyelazwa. Alitaka kukaa penye vijana, na hilo alilisema waziwazi barazani, wakamwona ameanza kuchanganyikiwa.

Aliwahi kuwa na kijana mmoja ndani ya nyumba. Mjukuu wake Mikdad, mtoto wa mwanawe wa pekee Abdulnasir, alipokuja Bagamoyo kusoma chuo cha sanaa alifikia kwa bibi yake. Ah, miezi ile! Pwani nzima inajua kwamba baba na mwana ni heshima, bibi na mjukuu ni utani. Mikdad akiingia tu mlangoni alikuwa anaanza: "Mke wangu, leo umenipikia nini?"

"Mume gani wewe, hata kipande cha sabuni huleti? Nakwenda kwa kadhi kudai talaka yangu."

Walicheka mpaka machozi. Tatizo ni kwamba Mikdad alikuwa anasomea ngoma, na ngoma haisomwi kwa kunong'ona. Wazee wa mtaa wakaja mmoja mmoja. Huyu ngoma inampandisha presha, yule inamkatiza usingizi wa mchana, na mwingine ngoma haikumdhuru kitu, ila nywele za rafiki zake Mikdad hazikumpendeza. Wakampigia simu Abdulnasir huko Tegeta. Abdulnasir hapendi kusemwa na watu, tangu utoto ndivyo alivyo, akamwamuru mwanawe atafute chumba kwingine. Bi Sikuzani hakuulizwa. Nyumba ikanyamaza, majirani wakausifu ukimya, naye akaanza kula mara moja kwa siku kwa sababu hakuona wa kumpikia.

Mikdad alipata chumba Magomeni ya hukohuko Bagamoyo, si mbali na chuo, kwenye nyumba ya wapangaji yenye ua mpana ambayo wakazi wake wote walikuwa wanafunzi. Jumapili moja akaja kumjulia hali bibi yake. Alimkuta jikoni anasema peke yake.

"Mke wangu, umeanza kuzungumza na masufuria?"

"Sufuria angalau haliniulizi habari za miguu."

"Basi njoo kwa mumeo. Chumba cha pembeni kiko wazi, mwenye nyumba anatafuta mpangaji."

Alisema kwa mzaha, maskini, hakujua anamtania nani. Bi Sikuzani akauliza choo kiko ndani au nje. Akauliza maji kama yanatoka kila siku, na kama jua la asubuhi linafika mlangoni, maana kofia hushonwa penye mwanga. Mikdad akajibu yote huku akicheka. Alhamisi asubuhi bibi alikuwa amefunga virago.

Alioga, akajifukiza udi, akavaa doti mpya ya kanga, kwa sababu mtu hahamii kwa watu akinuka moshi wa kuni. Guta la magurudumu matatu likaja. Likapakia sanduku, godoro, na kitanda chenyewe cha mninga. Bi Kibibi, jirani wa ukuta mmoja, ambaye hata kuku wa mtu hapiti mtaani bila yeye kujua anakwenda wapi, alitoka na mwiko mkononi.

"Mwenzangu! Na kitanda? Safari ya wapi hiyo?"

"Nakwenda kwa mume wangu," akajibu Bi Sikuzani, akapanda guta kando ya dereva, kanga inapepea.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na kusema kweli Bi Kibibi simlaumu sana. Bibi kumwita mjukuu wake mume ni neno la kila siku, hata mtoto mdogo analielewa. Lakini nani anahamisha kitanda kwa utani? Ongeza udi. Ongeza doti mpya. Ongeza na kwamba Mzee Salumu, mume wa Bi Sikuzani, alifariki zamani, na mjane wake hakuwahi kusema hataki mwingine. Bi Kibibi alijumlisha akapata harusi. Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari, na kufika alasiri bwana harusi alishapata mashua mbili Mlingotini na wake wengine wawili. Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja.

Magomeni nako hakukuwa peponi. Jumamosi, jua halijapanda, Bi Sikuzani alishika fagio akaanza kufagia ua mzima huku akiimba kasida. Dirisha likafunguliwa. Hajra, msichana wa Pangani aliyekuwa akisomea maigizo, akatoa kichwa kilichojaa usingizi.

"Bibi, jamani, leo Jumamosi!"

"Kwani Jumamosi haina asubuhi?"

"Inayo, Bibi. Inaanza saa nne."

Bi Sikuzani akamwambia msichana anayelala mpaka saa nne ataolewa na mto wake. Hajra akafunga dirisha kwa nguvu. Siku hiyo uani watu walinuniana. Masufuria yenye ukoko yalikuwa yamerundikana bombani, bibi akayasema mbele ya wenyewe, na wenyewe wakamsema Mikdad, kwamba amewaletea mama mkwe bila kuwaposea mke. Mikdad akaja kwa bibi yake kichwa chini. Akamwambia wenzake wanalalamika, wanataka aongee na mwenye nyumba. Bi Sikuzani akaogopa kweli, kwa sababu akifukuzwa na hapa atarudi kuulizwa miguu mpaka afe.

Jioni akawaita wote. Akasema fagio lake litangoja mpaka saa tatu, wala zaidi ya hapo hasogezi. Hajra, ambaye hasira zake hazikai, akasema basi nao hawatalala na chombo kichafu. Wakapatana. Siku ya tatu Hajra alikuwa amekaa kwenye mkeka wa bibi akijifunza kushona kofia, anajichoma kidole na kutukana kwa adabu. Siku ya nne ua mzima ulikuwa unamwita Mikdad "mume wa bibi", wala hakuna aliyekumbuka jina lake.

Huku nyuma Bi Kibibi alikuwa amempigia Abdulnasir kumpa hongera ya harusi.

Abdulnasir alikaa chini. Akapiga simu ya mama yake, ikaita mpaka ikakata, kwa sababu uani ngoma zilikuwa zinalia. Hakurudia kupiga, maana neno lenyewe halisemeki kwenye simu. Akamfuata mjomba wake Mzee Msabaha, mkulima wa Makurunge, kaka mkubwa wa Bi Sikuzani. Mzee aliposikia akaweka jembe chini. Dada yake ameolewa? Na walii wa kumwozesha ni nani, kama si yeye? Ijumaa asubuhi wakavaa kanzu, wakamsaka dereva wa guta, na dereva akawaonyesha nyumba, ambayo Abdulnasir hakuwahi kuikanyaga.

Hajra alikuwa anafua. Akawaamkia vizuri, akawavutia viti.

"Hapa ndipo anapokaa Bi Sikuzani?" akauliza Mzee Msabaha.

"Ndipo. Yumo ndani anamalizia kofia."

"Na mumewe yuko wapi?"

"Mume wake anaoga," Hajra akajibu bila kufikiri, anakamua shati. "Anajitayarisha kwenda Ijumaa."

"Anaoga!" Mzee Msabaha akaigonga chini bakora yake. "Amemchukua dada yangu bila walii, halafu anaoga!"

"Mwambie atoke," akasema Abdulnasir.

Mlango wa bafu ukafunguka. Akatoka Mikdad kavaa msuli, taulo begani, povu sikioni.

"Baba?"

Mzee Msabaha alimtazama mtoto, akamtazama Hajra, akautazama mlango wa bafu kama kuna mwingine atakayetoka. Kisha akaelewa. Kicheko kilimshika mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Abdulnasir hakucheka. Alikuwa hajalala siku mbili, ameona haya mbele ya mjomba wake, na sasa mama yake huyo anatoka chumbani na sindano mkononi, anang'aa uso, wala hana hili wala lile.

"Mama, funga vitu vyako. Tunaondoka."

"Kwenda wapi?"

"Watu watasema nimekutupa kwenye geto la wanafunzi!"

"Walishasema nimeolewa. Watu hawachoki kusema, Abdulnasir, wewe ndiye utakayechoka kusikiliza."

"Basi twende kwangu Tegeta. Chumba unacho, runinga unayo, nini usichokuwa nacho?"

"Sikulaumu, mwanangu, kwako nina kila kitu. Lakini alfajiri mnatoka wote, geti linafungwa, nabaki mimi na runinga. Jioni mkirudi mmechoka. Mnaniuliza, Mama umekula? Nasema nimekula. Mnalala."

Abdulnasir akavua kofia, akaanza kuikunja mkononi.

"Na kule mtaani," mama yake akaendelea, "wenzangu wameshamaliza kuishi, na kila siku wananisogezea kiti nikae nao. Mimi sijamaliza. Hapa tunagombana, tunapatana, mtu anaimba, mtu anaunguza ugali, na magharibi inafika sijui siku imepitia wapi." Akaichomeka sindano kwenye ukingo wa kanga. "Huyu mtoto mlimwondoa nyumbani mwangu, na hakuna aliyeniuliza mimi nasemaje. Nililia, Abdulnasir. Hukujua, kwa sababu mimi na wewe hatujazoea kuambiana."

Hajra aliacha kukamua. Mzee Msabaha alijifuta macho kwa upindo wa kanzu, na haikujulikana tena kama ni machozi ya kicheko.

"Nilidhani nakupumzisha," Abdulnasir akasema taratibu.

"Nimepumzishwa vya kutosha. Kaburini kuna nafasi ya kupumzika."

"Na nyumba ya marehemu baba je? Ifungwe ijae utando wa buibui?"

"Haifungwi. Kila Ijumaa nitakwenda kufungua madirisha, nifagie, niwapikie majirani pilau. Ila usiku nalala hapa."

Abdulnasir akautazama ua. Akaona masufuria yamesuguliwa na kupangwa, kofia zimetundikwa kambani, na kwenye mkeka kofia moja iliyoshonwa vibaya sana na mkono wa mtu anayejifunza. Kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe."

Mikdad akasimama wima.

"Huyu ni mama yangu mzazi."

"Ndiyo, Baba."

"Nawe unasema ni mkeo."

Mikdad akatamani kurudi bafuni. Tangu azaliwe baba yake hakuwahi kumtania hata kwa neno moja, kwa sababu naye hakuwahi kutaniwa na baba yake, na hivyo ndivyo walivyorithishana. Akangoja akaripiwe. Abdulnasir akaweka mkono kifuani, akainama kidogo ndani ya kanzu yake iliyopigwa pasi.

"Basi shikamoo, baba."

Mikdad akamtazama bibi yake kwa macho ya kuomba msaada.

"Itikia," akasema Bi Sikuzani. "Mtoto akikuamkia unamwitikia."

"Marahaba," Mikdad akasema. Halafu, kwa kuwa alikuwa amefundwa utani na bibi yake mwenyewe, akajikohoza akaongeza, "Marahaba, mwanangu. Mbona siku zote hizo huji kumtazama mama yako?"

Abdulnasir akacheka. Kicheko kilianza kama kikohozi, kikapasuka, akashika ukuta, na Bi Sikuzani, aliyemzaa na kumlea, hakukumbuka mara ya mwisho kuyaona meno ya mwanawe yote namna ile. Kicheko kilipomwisha macho yake yalikuwa yamelowa, wala hakuyafuta.

"Nisamehe, baba," akamwambia mwanawe. "Sasa nitakuja."