Simu ya Raya ni Kielelezo

"Picha yenyewe ina nini?"

"Sijui, afande."

"Hujui. Mara ya mwisho umeiona lini?"

Fimbo nyeupe ya Raya ilikuwa imeegemezwa kwenye kaunta ya kituo, miwani myeusi ilikuwa usoni, lakini Afande Athanas alikuwa ameuliza swali na alikuwa anasubiri jibu. Mjomba Luqmani akakohoa, akaeleza kwa adabu kwamba mpwa wake haoni tangu utotoni. Surua ndiyo iliyomfanya hivyo.

"Hilo naliona, mzee wangu. Nauliza kwa ajili ya maelezo. Mtu analalamikia picha, hajaiona. Aliyeipiga hamjui. Ilipigwa lini, hajui. Sasa mimi niandike nini hapa?"

Huko nyuma ya kaunta mwanamume alicheka puani. Raya aligeuza kichwa upesi. Siku hizo kila sauti ya kiume ilimshtua, hata ya muuza maji, hata ya mwadhini aliyemzoea miaka yote.

Athanas hakuwa mtu mbaya. Hakutukana wala hakuomba chochote. Alikuwa mtu wa utaratibu tu, na utaratibu ulisema kwamba simu iliyotumiwa kumtishia mlalamikaji ni kielelezo, na kielelezo hukaa kituoni. Akanyoosha mkono.

"Afande, ndiyo ninayosomea," Raya alisema. "Vitabu vyangu vyote vimo humo. Mtihani wa kidato cha nne umekaribia."

"Itarudi kesi ikiisha."

"Itaisha lini?"

"Tukimpata mhusika."

Akaizima, akaitupia kwenye droo. Raya aliisikia droo ikifungwa, akabaki ameshika hewa pale ilipokuwa simu.

Simu hiyo alipewa na shirika moja pale mjini Morogoro, linaitwa Nuru Mkononi, siku ya sherehe yenye turubai, maspika na mgeni rasmi. Ilikuwa na programu inayosoma kwa sauti ya kike kila kinachotokea kwenye kioo, na Raya akaibatiza sauti hiyo Anti. Anti alimsomea Historia, alimsomea Jiografia, akamrudia kifungu mara zote alizotaka bila kuchoka wala kusonya. Raya alianza shule amechelewa, akiwa tayari binti mkubwa, na hadi umri wa miaka ishirini hakuwa amewahi kusoma ukurasa hata mmoja bila kumbembeleza mtu. Kwa hiyo aliipenda simu ile, aliipenda kweli kweli.

Shirika nalo lilipenda picha. Walimsimamisha karibu na mgeni rasmi, wakamwambia kamera iko wapi, akaitabasamia. Picha ikawekwa mtandaoni pamoja na jina lake, shule yake na namba yake ya simu, ili atakayeguswa amtumie vocha.

Akaguswa mtu mmoja. Alituma vocha, kisha akapiga. Alijiita Msamaria, na alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyesoma. Alipojua kuwa Anti hawezi kusoma mwandiko wa mkono wala kutaja rangi ya nguo, akasema hilo dogo. "Washa video, nioneshe, mimi nitakusomea." Akawa anamsomea maelezo ya dawa, anamwambia sketi ya shule ni ipi na kama ina doa. Raya aliizungusha simu chumbani kama alivyoelekezwa: juu kidogo, kushoto, hapo hapo. Kila mara alimshukuru. Shukrani zile ndizo zilizokuwa zikimchoma sasa kuliko kitu kingine.

Siku moja Msamaria akaacha kupiga, akaandika. Anti akausoma ujumbe kwa sauti ile ile aliyosomea Vita vya Maji Maji, wala hakuongeza huzuni wala hakupunguza kasi: "Nina picha yako. Watu wote wataiona isipokuwa wewe."

Tangu hapo, akitoka shule, Raya alikaa chumbani dirisha likiwa limefungwa, mtandio umemfunika hadi magotini, hata baada ya simu kubaki polisi. Alizipitia siku zote za nyuma akitafuta ile ya picha. Je, ni siku aliyokuwa anatafuta hijabu? Au siku aliyoamka na homa? Mara nyingine alijipapasa uso taratibu, akitafuta hicho alichokiona mtu mwingine, yeye asikijue.

Shuleni wenzake walimsomea walipotaka, na waliponuna hawakumsomea. Hakuwalaumu, nao mtihani ulikuwa wao pia. Lakini sura za Historia zilikuwa zinampita, na mjomba, aliyekuwa akiuza ndizi na mdalasini sokoni ili mpwa wake asome, alifunga meza yake mapema wakaenda kwenye shirika.

Bi Shakila, mratibu wa mradi, aliwapokea kwa soda.

"Tunaomba ile picha iondolewe," mjomba alisema. "Angalau namba."

"Jamani, baba, ile picha wafadhili wote wameiona. Tukiifuta sasa watauliza kuna nini." Bi Shakila alimshika Raya mkono. "Lakini umekuja wakati mzuri. Tunaandaa semina, usalama wa vijana mtandaoni. Uje utoe ushuhuda, mdogo wangu. Uje na simu yako, wageni watapenda kuiona inavyosema."

"Iko polisi," Raya alijibu.

Bi Shakila aliuachia mkono. "Polisi tena? Ile ni mali ya mradi. Ikipotelea huko, hatuna nyingine ya kukupa."

Walipofika stendi ya Msamvu, ilibidi mjomba apaze sauti kwa sababu ya kelele za mabasi.

"Kwetu Kinole mjomba ndiye mwenye neno juu yako. Lakini hili, mama, limenishinda. Sema wewe."

"Nataka kusoma."

"Na yule mtu?"

"Nataka kusoma, mjomba."

Kituoni Afande Athanas alifurahi. Alimvutia kiti yeye mwenyewe. "Umetumia busara, binti. Mambo ya mtandao hayana mwisho." Akamsomea karatasi inayosema kwamba mlalamikaji, kwa hiari yake na bila kushurutishwa na mtu, ameamua kuliacha shauri lake. Mjomba alikuwa amekaa kando, na mezani kulikuwa na wanaume wawili wengine wanakunywa chai. Raya akakiacha kidole chake kipelekwe kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Droo ikafunguliwa.

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi. Mjomba akaenda ng'ambo ya barabara kumnunulia maji. Raya akaiwasha simu. Anti alitaja saa, alitaja chaji, kisha akasoma:

"Msamaria. Umefanya la maana kuifuta kesi. Nisalimie basi, au nimpelekee mwalimu wako picha?"

Raya hakujongea. Wino ulikuwa bado mbichi kidoleni. Waliojua walikuwa wale waliokuwa mle ndani tu. Kupitia dirishani alisikia vikombe, alisikia wanaume wakicheka, na akazisikiliza sauti zao moja moja. Moja ilikuwa ya upole. Akadhani ndiyo. Ikasema tena, akaona siyo. Kisha ikanyamaza, akabaki hajui.

Mtihani ulikuwa mbele yake, na vitabu vilikuwa mkononi mwake. Akakishusha kidole kwenye kioo. Anti akawa anazitaja herufi moja moja kadiri alivyoziandika: s, h, i, k, a, m.

Mjomba alirudi na chupa ya maji, akasimama kusikiliza zile herufi. Yeye shule aliiacha akiwa mdogo, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Umeshaanza kusoma."

"Ndiyo, mjomba."

O, akasema Anti. O. Kisha akasema, "Ujumbe umetumwa."