Kakao yenye Harufu ya Ziwa

Kosa ni yangu. Nasema miye mwenyewe mbele Issaka mwenye gari hajaisema, juu yeye ataongeza chumvi.

Miye Jacob, gradué wa commerce, mutu wa kusomea biashara, njo nilichagua njia ya kupitisha kakao ya baplanteurs, balimaji ba Mbau, mpaka Bulaya. Kwetu Butembo, gari kurudi tupu ni zambi. Basi, gari ya Papa Issaka ilikuwa inaleta samaki ya moshi toka Kyavinyonge, kule kwa ziwa, mpaka Beni. Kurudi, inashuka na kakao yetu mpaka kwa mupaka ya Kasindi. Bei chini kabisa! Nilijisifu: "Hii njo stratégie!"

Leo asubuhi, mama mununuzi wa kule Bulaya akatuma audio. Nikamutafsiria Mama Séphora, présidente wa baplanteurs:

"Anasema ndani ya chocolat muko samaki. Samaki ya moshi. Hataki tena."

"Samaki?" Issaka akacheka. "Ule mama ako na pua ao ako na nyavu?"

"Usicheke, Papa," Séphora akasema. "Hatuna mununuzi mwingine wa bei kama yake. Batoto betu banalipiwa masomo na hii kakao."

Tukapanda ndani ya gari. Nikavuta hewa: hakuna kitu. Issaka naye: hakuna. Siye tulishazoea. Séphora akaokota mbegu ya kakao ile ilibakia kwa kona, akaifunga ndani ya mikono mbili, akaipulizia pumzi ya moto, akafungua.

"Nusa."

Nikanusa. Ziwa yote ilikuwa pale.

Nywele ikanisimama. Kambegu kadogo! Kalivuka Kasindi, kakavuka Uganda yote, kakapanda meli kwa Mombasa. Bakakakaanga, bakakasaga, bakatia sukari. Na ile moshi ya bamama ba Kyavinyonge haikutoka. Kule mwisho wa dunia, mutu mwenye hajaona hii ziwa hata kwa picha akaonja, akaijua. Issaka mwenyewe akavua kofia.

"Bon, Papa Jacob," Séphora akasema. "Chagua tena. Mbele yetu."

"Gari ya kakao tu, bila samaki. Hata ikipanda tupu."

"Tupu?" Issaka akaruka. "Na mafuta, nani analipa?"

"Siye. Tutapata kidogo, lakini tutapata."

Issaka akaangalia gari yake kama mutu anaachana na bibi yake. "Basi nitaiosha na maji ya moto."

Nikafinya téléphone, nikamutumia mununuzi audio: "Mama, gari ya kakao sasa haibebi samaki tena. Tafazali, utuonje tena, hata gunia moja tu."

Téléphone ikaonyesha mama amesikiliza. Tukabakia batatu kuiangalia, tukingojea jibu.