Jina Ndani ya Nukuu

Injini ilikuwa inanguruma tayari mtoto alipoanza kupiga kioo cha basi kwa viganja vyote viwili. Nje, bibi yake alikuwa ameshikilia mlango kana kwamba mikono yake ingeweza kuzuia magurudumu.

"Umwana wanje! Ni wangu huyu!"

Mlinzi akamsogeza. "Mama, kompyuta inasema hana mtu."

Nilikuwa kizingitini mwa ofisi na kikombe cha chai. Programu ya kompyuta ile, nusu yake niliiandika mimi.

Ilikuwa mwaka 2016, kwenye kituo cha mapokezi upande wa Nyakisasa, Warundi wakivuka mpaka kila siku. Kutoka pale walipelekwa kwenye kambi za Kigoma. Familia zilipanda pamoja. Watoto waliokuja peke yao walikuwa na basi lao, na kambi yao. Programu ndiyo iliyoamua: mwenye mlezi huku, asiye na mlezi kule.

Na mtoto yule, Niragira, nilimwandikisha mwenyewe jana yake. Mlezi: Speciose, bibi. Nililiandika jina lile kwa vidole vyangu.

Nikamkimbilia Anuari, mwenzangu wa kuandika programu, aliyekulia kwenye maduka ya Biharamulo mjini kama mimi. Sehemu ya kupanga mabasi ilikuwa yake.

"Kaka Anuari, umebadilisha nini?"

"Kitu kidogo, jana usiku. Wakubwa hawataki 'mlezi', wanataka 'mwangalizi'. Nikabadilisha jina la ile sifa, kile kipengele cha taarifa za mtoto, programu ikakubali bila kelele. Mbona hivyo, Fathiya? Kiswahili chako kimeguswa?"

Bila kelele.

Kwenye sehemu yake, Anuari aliita kila sifa ya mtu kwa jina lililofungwa ndani ya alama za nukuu. Kwa kompyuta, kilichomo ndani ya nukuu ni herufi tu. Haiulizi kama kitu chenyewe kipo. Sifa ilikuwa imepata jina jipya, lakini ndani ya nukuu lilibaki la zamani. Programu iliita "mlezi", hakuna kilichoitika, nayo ikaufanya ukimya kuwa jibu. Hana mtu. Kwa kila mtoto.

Nikatazama basi. Vichwa vidogo dirisha hadi dirisha. Mama zao walikuwa wamesimama kimya kando ya uzio. Waliambiwa watakutana mbele ya safari, wakaamini.

Nikaenda kusimama mbele ya basi.

"Dada, toka, nitakukanyaga!" Bartholomayo, dereva, alitoa kichwa nje. "Kigoma si hapo nyuma ya soko!"

"Kanyaga."

Alinitukana kwa Kihangaza, kisha akazima injini.

Nilirudi kuketi kwenye kompyuta. Nikang'oa nukuu zote. Badala ya jina tupu niliandika rejeo la sifa yenyewe, lile ambalo kompyuta hulikagua kabla haijakubali kuendesha chochote. Papo hapo skrini ikajaa mistari myekundu, mmoja kwa kila mahali palipoita jina lisilokuwepo tena.

"Umeharibu," Anuari alinong'ona.

"Hapana. Sasa inapiga kelele."

Alivuta kiti. Tulirekebisha mstari mmoja baada ya mwingine, bila utani, mpaka wekundu ukaisha. Watoto wakaanza kushuka.

Nilimkuta Speciose chini, amempakata Niragira. Alikuwa amechana upindo wa kitenge chake na kuufunga kwenye mkono wa mtoto, ncha ya pili kwenye mkono wake.

"Shikamoo, bibi. Tumerekebisha. Mtapanda pamoja."

"Marahaba, mwanangu."

"Haitatokea tena, bibi. Unaweza kufungua."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsikiliza mtoto. Kisha akainama na kulikaza fundo kwa meno.