Pazia Lililohamia Chooni

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki kwamba kila neno hapa ni kweli tupu. Nikikutwa nimetia chumvi, nikabidhiwe brashi nisugue choo chetu mpaka nijione uso ndani yake.

Choo chenyewe si cha mchezo. Tangi lake nililifunga mwenyewe, mimi fundi bomba mstaafu, na ukilivuta linanguruma hadi sufuria za jirani zinacheza kabatini. Choo hicho kimeshanimezea kofia moja nzima.

Sasa, nina mjukuu wa kike wa miaka sita. Tunamwita Injinia, kwa sababu hupanga vizibo vya chupa sakafuni kwa mstari ulionyooka kuliko bomba lolote nililowahi kulaza. Ana usonji. Maneno yake ni machache, na kelele humchoma masikio kama sindano. Kwake tangi lile lilikuwa simba. Haja zake alizimalizia kwenye nepi, amejificha nyuma ya pazia la sebuleni, lile la maua ya njano yaliyopauka. Kwingine kokote hataki.

Mama yake, binti yangu, ni fundi cherehani, anashonea hapo hapo nyumbani. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi: "Mama, nafasi ya mtoto ipo, ila sina mtu wa kubadilisha nepi. Shule ikifungua akiwa anajua choo, mlete." Shule nyingine zilikuwa zimeshamkataa. Binti yangu alirudi akakaa mbele ya cherehani, asishone kitu.

Nimefanya kazi na mafundi wenye subira, lakini kama huyu sijaona. Alibandika picha ukutani chooni: kushusha nguo, kukaa, kujifuta, kunawa. Akaweka kigoda ili miguu ya mtoto isining'inie. Tangi akalipiga marufuku, tukawa tunamwaga maji ya ndoo taratibu kama tunamwogesha mtoto mchanga. Mchana akawa anamwacha bila nepi; mkojo ukimwagika sebuleni, hakufoka. Alishika tambara, na kwa sauti ile ile ya kila siku akasema, "Mkojo unaenda chooni, mama." Mara ngapi, tambara ndilo linajua.

"Mimi ningekuwa nimeshapiga kelele," nilimwambia.

"Ndiyo maana sikuachii zamu, baba."

Hata hivyo Injinia aliishia mlangoni, mikono masikioni. Hapo ndipo mimi, kwa akili zangu mwenyewe, nilipobuni dawa: pazia. Akilikuta pazia lake chooni, atajiona yuko kwake. Likatundikwa humo ndani.

Asubuhi moja nakunywa chai, Injinia akaja akanishika mkono. Yeye akikushika mkono si salamu, anakuchukua kama mtu anavyochukua bisibisi. Akanivuta hadi chooni, akaniacha mlangoni, akaingia nyuma ya pazia. Cherehani ikanyamaza. Tukasikia maji, membamba kama uzi. Nimewahi kufungulia bomba kuu mtaa mzima ukashangilia, lakini sijasikia maji matamu kama yale.

Alipomaliza, akauchukua tena mkono wangu, akauweka kwenye mpini wa tangi. Kisha akaziba masikio yake, akaningoja. Nikavuta. Simba akanguruma. Injinia alifumba macho, akatetemeka mwili mzima, na hakukimbia. Nimeona wanaume wazima wakikimbia maji ya bomba lililopasuka. Nyuma yangu binti yangu alikuwa ameinamia kitambaa, eti anatafuta sindano.

Shule ikafungua, tukampeleka Injinia bila nepi. Getini mwalimu mkuu akauliza tulifanyaje. Nikasafisha koo, nikamsimulia uvumbuzi wangu wa pazia, na kiapo cha brashi nikakirudia.

"Mzee, umekuja wakati wake," akasema. "Nina watoto hapa hawataki hata kukanyaga chooni. Ulianzaje?"

"Unalitoa sebuleni, unalitundika chooni. Basi."

"Siku hiyo hiyo, baba?" binti yangu akauliza, kwa upole ambao naujua.

"Siku hiyo hiyo."

"Angelia mpaka paa ling'oke," akamwambia mwalimu. "Nililisogeza kwanza kwenye korido, nikaliacha mpaka akalizoea. Halafu mlangoni mwa choo. Ndani ikawa mwisho. Na huyu baba yangu alikuwa akizunguka kwa majirani anasema nyumba yetu ina jini, pazia linatembea lenyewe."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka akashika geti. Kisha akamwomba binti yangu aje awaonyeshe walimu wake namna ya kuanza. Mimi hakuniuliza tena kitu.

Jioni, Injinia aliporudi kutoka shule, binti yangu aliweka ndoo, sabuni na brashi chooni. Injinia ndiye aliyenifuata. Akauchukua mkono wangu, akauweka kwenye brashi, akatoka, akanivutia pazia vizuri ili nisionekane, kama anavyopenda yeye mwenyewe.

Nikasugua. Lakini kofia ilimezwa kweli.